Mshauri Asikumalize kwa Jina: Unyenyekevu wa Kitamaduni Bila Mafumbo

Kuna maneno ambayo siku hizi hayakosi kwenye mafunzo ya washauri nasaha na maafisa wa ustawi wa jamii: unyenyekevu wa kitamaduni. Mara nyingi huja yakiandamana na mengine, mwamko kuhusu rangi. Yataje mbele ya watu Nairobi na utapata majibu ya aina mbili. Wa kwanza atakwambia hayo ni mambo ya Marekani. Hapa karibu sote ni weusi na kinachotusumbua ni ukabila. Wa pili atashangaa kuna jipya gani, kwani nani hakufunzwa heshima kwao? Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na ndiyo sababu ubishi hauishi.

Tuanze na wahusika. Mshauri nasaha ni yule unayeketi naye faraghani umweleze yaliyokukaa moyoni: msiba, ndoa, ulevi, virusi vya ukimwi, mawazo yanayokunyima usingizi. Nchini Kenya kazi yake inasimamiwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Afisa wa ustawi wa jamii hashughulikii moyo peke yake. Yeye huja na faili. Anatafuta mtoto atalala wapi, nani atalipa kodi, mkimbizi atapataje karatasi, na mara nyingine anaandika ripoti itakayosomwa na hakimu. Wote wawili wanafanana kwa jambo moja: mtu huwafikia akiwa ameelemewa, na wao ndio wenye kalamu.

Mwamko kuhusu rangi ni kutambua kwamba rangi ya ngozi na asili ya mtu hubadilisha jinsi anavyopokewa kila mlango anaoingia, wa kwako ukiwemo. Unyenyekevu wa kitamaduni unakwenda mbele kidogo. Mhudumu anakubali kuwa mwenye kuyajua maisha ya mteja ni mteja mwenyewe, anajichunguza yeye ameingia chumbani na mazoea gani, halafu anaangalia nani ana mamlaka juu ya nani pale. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa, na ndilo linalotenga unyenyekevu huu na adabu ya kawaida. Unaweza kumwamkia mzee kwa heshima zote, ukampa kiti, kisha ukaandika kwenye faili yake jambo lisilo kweli ambalo hatalisoma maisha yake yote.

Wazo hili lina wenyewe. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Oakland, California, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliandika makala iliyolitofautisha na kilichokuwa kikifundishwa wakati huo, yaani umahiri wa kitamaduni: dhana kwamba mhudumu anaweza kuisomea tamaduni ya mteja na kuimudu. Walikuwa wamehusika na mafunzo ya madaktari wachanga katika hospitali ya watoto ya mji huo, miaka iliyofuata kipigo cha Rodney King, Mmarekani mweusi, mikononi mwa polisi wa Los Angeles mwaka 1991 na ghasia za 1992. Ndani ya makala yao kuna kisa cha muuguzi Mmarekani mweusi aliyekuwa akimhudumia mama mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, saa chache baada ya upasuaji. Mama anaguna kwa maumivu. Daktari aliyefika kitandani, naye wa asili hiyohiyo, akasema mgonjwa huyu anaonekana kuumia sana. Muuguzi akampuuza. Alikuwa amesoma kozi ya tiba na tamaduni chuoni, na humo alifunzwa kwamba watu wa jamii ile huonyesha maumivu kupita kiasi.

Kitazame tena kisa hicho. Muuguzi hakuwa mjinga, alisoma. Wala hakuwa mtu asiyejua ubaguzi, kwa maana alitoka kwenye jamii iliyobaguliwa kwa karne kadhaa. Kilichomziba masikio ni elimu yake. Mwenye kuumia alikuwa mbele yake, mwenzake aliyeifahamu jamii ile alikuwa kando yake, ila kozi ilikuwa imekwisha kutoa jibu.

Habari za jumla kuhusu jamii fulani si za kutupwa, lakini zina kazi yake na mwisho wake. Ni kama namba ya matatu. Ukiona 58 unajua gari linaelekea Buruburu, na ukiwa steji hilo ni jambo la maana kulijua. Namba hiyo haikuambii abiria wa dirishani anashukia wapi, anatoka kazini au matangani, wala kama amepanda gari lisilo lake. Hayo utayajua ukimuuliza.

Sasa turudi kwa yule anayesema rangi si hoja yetu. Nairobi yenyewe ilipangwa kwa rangi. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na mji uliomea kando yake ukagawanywa: Wazungu wakachukua miinuko ya magharibi na kaskazini, Wahindi wakawa Ngara, Pangani na Parklands, Waafrika wakasukumwa mashariki kwenye mitaa kama Pumwani na, baadaye, Kaloleni. Hata wagonjwa wa akili walitenganishwa. Hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910, iliwalaza Wazungu, Waasia na Waafrika kila kundi kivyake. Kuanzia 1938 iliongozwa na daktari J. C. Carothers, ambaye alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa amebobea katika magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha maandishi yake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika mzima, asiye na ugonjwa wowote, na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikatoa kijitabu chake kuhusu Mau Mau. Humo, uasi wa watu walionyang'anywa ardhi ulielezwa kana kwamba ni tatizo la akili zilizokwama kati ya mila na usasa.

Carothers alidai pia kwamba sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, ni nadra kwa Waafrika. Sikiliza sasa maongezi ya saluni na ya kwenye foleni ya benki: depresheni ni ugonjwa wa wazungu na wenye pesa. Sidhani wanaosema hivyo wamemsoma Carothers. Wengi hawajasikia hata jina lake. Ila mshauri wa Nairobi anayemrudisha nyumbani mwanamume wa miaka 40 kwa maneno ya "jikaze, wewe ni mwanamume wa Kiafrika" anarudia hitimisho la daktari wa kikoloni huku akidhani anatetea mila. Hapo ndipo mwamko kuhusu rangi unapotuhusu moja kwa moja. Baadhi ya mambo tunayoyashikilia kama sifa zetu yaliandikwa kutuhusu na watu waliokuwa na sababu zao.

Na rangi haikuondoka na bendera ya Mwingereza. Waasia wa Kenya walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 44 mwaka 2017, lakini mzaliwa wa Ngara, ambaye babu yake alizikwa hapahapa, bado huulizwa ametoka wapi. Aprili 2014, katika msako wa usalama uliolenga hasa Eastleigh, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mtu aliyepitia hayo hawezi kuketi mbele ya afisa mwenye fomu kama vile anavyoketi mwingine. Kuna pia upande tunaouona kila siku bila kuutaja: mama amefika ofisini saa moja asubuhi akiwa na mtoto mgongoni, saa tatu anaingia mgeni mweupe, na mhudumu wa mapokezi anainuka kumlaki mgeni. Mama hasemi kitu. Ameshapata somo la kwanza kuhusu ofisi hiyo kabla hata hajamwona mshauri.

Hata hivyo, aliyetaja ukabila hakukosea. Kwa wengi wetu jina ndilo rangi. Nairobi jina la pili husomwa kabla ya uso. Mteja anajaza fomu, mshauri anatupia jicho, na tayari kichwani pameandikwa habari nzima: hawa ni walevi, hawa ni wabahili, wanawake wao wana maneno, wanaume wao hawaambiliki. Tunayacheka hayo kwenye vichekesho vya jukwaani. Kwenye chumba cha ushauri yanageuka kuwa utambuzi wa ugonjwa.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Kulikuwa na mitaa ambayo jibu la swali "wewe ni wa wapi?" liliamua kama utalala nyumbani kwako usiku ule. Swali hilo mshauri anaweza kuliuliza kwa nia safi, kuchangamsha kikao tu, na mteja akafunga mlango wa moyo hapohapo. Si kwamba asili ya mtu isiulizwe. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, uliongeza mahojiano ya maswali 16 kwa ajili hiyo, na hakuna linaloanza na kabila. Mteja huulizwa tatizo lake analielezaje kwa maneno yake, anadhani limesababishwa na nini, nani kwao anaona tofauti, na kama kuna jambo lolote kuhusu asili yake linalolipunguza au kulizidisha. Kabila likitajwa, limetajwa na mwenyewe, kwa kiasi anachotaka.

Watu wengine husema dawa ni rahisi: mpe kila mteja mshauri wa jamii yake. Chukua mfano huu wa kubuni. Msichana wa miaka 22 kutoka Kayole, jina la Kiluo, amefiwa na babake. Mamake ni Mkamba. Nyumbani wameongea Kiswahili na Sheng maisha yote. Ushago amefika akiwa mdogo, hakumbuki. Anapelekwa kwa mshauri Mluo, mtu mzuri kabisa, ambaye kwa furaha anaanza kikao kwa Kiluo. Msichana anatabasamu, anaitikia kwa kichwa. Mshauri anasema anajua jinsi matayarisho ya mazishi nyumbani yanavyochosha. Msichana anaitikia tena. Asichosema ni kwamba kinachomuumiza ni mazishi hayohayo: babake atazikwa safari ya usiku kucha kutoka Kayole, kwenye boma ambalo watu wake hawamjui yeye wala mamake, na kila mtu anachukulia kwamba jambo hilo halina mjadala. Mshauri naye amelichukulia hivyo. Mgeni kutoka jamii nyingine huenda angeuliza, "Atazikwa wapi, na wewe unaonaje?" kwa sababu tu hajui.

Nadhani huo ndio mtego mkubwa zaidi wa Nairobi. Mhudumu aliyetoka mbali anajua kwamba hajui. Anayefanana na mteja huacha kuuliza.

Eastleigh mtego huo una sura ya mkalimani. Ofisi inapata mteja anayeongea Kisomali, inamwita yeyote anayejua Kisomali, kazi imekwisha. Pengine aliyeitwa ni jirani wa mteja, au anafahamiana na shemeji yake, au anatoka katika ukoo ambao umekosana na wa mteja tangu huko walikotoka. Mteja atajibu kila swali na hatasema lolote. Mbaya zaidi ni pale mtoto wa darasa la sita anapofanywa mkalimani wa mamake na kulazimika kutamka kwa Kiswahili mambo ambayo mama hangetaka ayasikie. Mtu anayejua kazi hii humuuliza mteja kwanza: ungependa mkalimani mwanamume au mwanamke, kuna mtu usiyetaka awe ndani, wa simu kutoka mji mwingine angekufaa zaidi? Maswali hayo ni dakika tatu. Mkalimani wa kulipwa, kweli, ni pesa, na nitarudi hapo.

Nilisema mwanzoni kwamba wao ndio wenye kalamu. Tuseme afisa amefika kwa mama mmoja Mathare kuhusu mtoto anayekosa shule. Mama anasimama mlangoni, anajibu kwa mkato, hamkaribishi ndani. Afisa anaandika: "Mama hana ushirikiano." Maneno matatu. Yataingia kwenye faili, afisa wa pili atayasoma kabla hajamwona mama, wa tatu atayanakili, na yakifika mahakama ya watoto yatakuwa yamepata uzito wa ushahidi. Yangeweza kuandikwa hivi: "Mama alijibu akiwa mlangoni. Alisema watu wa serikali waliokuja mwisho walibomoa kibanda chake. Hakunikaribisha ndani, nami sikumweleza vizuri nimetumwa na nani." Ripoti ya pili ni ndefu kidogo, lakini kinachoitofautisha hasa ni kwamba afisa mwenyewe yumo. Katika ile ya kwanza ni mama peke yake aliyepimwa.

Wazoefu wengine huenda mbali zaidi, wakamsomea mteja walichoandika kumhusu kabla ya kuondoka. Jaribu kuandika "hana ushirikiano" ukijua utayasoma kwa sauti mbele yake.

Kuna pingamizi moja ambalo halipaswi kupuuzwa. Washauri wenyewe hulalamika: ukimwonyesha mteja wa Nairobi kwamba hujui, atakudharau. "Mbona unaniuliza mimi? Nimekuja uniambie." Mtu amelipa nauli, ameomba ruhusa kazini, anakuita daktari hata kama si daktari, halafu wewe unamrudishia maswali? Wana haki. Mtindo wa mshauri kukaa kimya na mteja kujitafutia jibu, wawili peke yao, dakika hamsini, uamuzi wa mtu binafsi, nao ni utamaduni. Ulizaliwa Ulaya na Marekani kwa mahitaji ya watu wa huko. Kwa hiyo unyenyekevu unagusa hata mbinu uliyosomea. Pengine mteja anataka kwanza ushauri wa wazi kuhusu jambo moja ndipo aamini kikao. Pengine anataka dada yake mkubwa awepo. Pengine ameshapita kwa pasta au kwa shehe, na atarudi huko kesho, na hilo si la kushindana nalo. Kumuuliza "ungetaka tufanyeje kazi hii pamoja?" hakukuvui ujuzi wako. Fundi wa nguo naye hupima kabla ya kukata, bila mtu kusema hajui kushona.

Zimbabwe wamelifanyia kazi jambo hili kwa njia inayostahili kuigwa. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mpango wa kuwafunza kina nyanya wa Mbare, Harare, kuwasikiliza watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Tatizo halikupewa jina la kigeni. Walitumia neno la Kishona la kufikiri kupita kiasi, ambalo kila mtu analijua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliopita kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na bibi anayejua kusikiliza hashangai mteja akitaka ushauri. Anampa, kisha anaendelea kuuliza.

Woga mwingine ni kwamba unyenyekevu utatufanya tukubali kila kitu kwa jina la mila. La. Ukeketaji ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2011, na kunyamaza ukijua umefanyika nako ni kosa. Mtoto anayepigwa analindwa, awe wa jamii yoyote. Afisa mnyenyekevu ataripoti sawa na mwingine. Tofauti ni kwamba hakuingia nyumba ile akiwa ameshaamua kutokana na jina la familia, na hakumhubiria mama kana kwamba jamii nzima ndiyo mshtakiwa. Katika jamii hizohizo mna wanawake wanaopinga mila hiyo kwa miaka. Anayedhani anaijua jamii kwa ujumla huwapita bila kuwaona.

Cheti cha mafunzo ya siku mbili, ambacho Nairobi tunakipenda kweli, hakitoshi. Tervalon na Murray-García waliita jambo hili kazi ya maisha yote, na hawakuliacha mabegani mwa mshauri mmoja: taasisi nayo ijipime. Basi tuipime. Fomu yenu ina kisanduku cha kabila. Nani anakitumia, na kwa nini? Kama hakuna jibu, kifutwe. Bajeti ina fungu la wakalimani au ni mlinzi wa langoni anayeitwa kila mara? Ofisi hufungwa saa kumi na moja wakati mtu wa kibarua Industrial Area anatoka saa kumi na mbili, kisha anaandikiwa kwamba hahudhurii vikao. Mteja mwenye malalamiko ayapeleke kwa nani asiyekula chakula cha mchana na aliyemkosea?

Mteja naye si wa kungoja tu. Anaweza kuuliza kama mshauri amesajiliwa, kinachoandikwa ni nini na nani atakisoma. Anaweza kusema hataki kuongea Kikuyu, au kwamba anataka Kikuyu. Anaweza kuomba mshauri mwingine baada ya kikao kimoja, na akiulizwa sababu, "hatukuelewana" inatosha.